Mlinzi wa Usiku na Gunia Lililopotea

Msimu wa korosho maghala ya Nachingwea na Ruangwa hujaa, na nje hukesha mlinzi. Je, gunia likipotea, mwajiri aweza kuushika mshahara wake wote? La. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka hasara iwe imetokana na kosa la mlinzi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, naye akubali kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara.

Kulala lindoni ni kosa, hatukatai. Lakini anayekesha saa 12 kwa siku 7 amefanya kazi saa 84, ilhali saa za kawaida ni 45 kwa juma, na za ziada hazivuki 50 kwa majuma manne. Zamu ya namna hiyo ni haramu hata ikilipwa.

Mlinzi wa parokia naye yumo katika sheria hiyo hiyo. Halmashauri ya walei na iulize: mkataba wake umeandikwa? Mapumziko yake ya juma ni lini?

Aliyeachishwa kazi kwa dhuluma afike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, siku 60.