Drili haina waya, ukuta unao

Drili ya betri inadanganya: kwa kuwa haichomekwi popote, mtu anaona shoti haimhusu. Nyaya zimo ndani ya plasta. Huku Chang'ombe, Dodoma, zipo nyumba zilizoongezwa chumba baada ya chumba, na bomba za waya zilipita alikotaka fundi wa siku hiyo. Zima meni swichi kwanza, halafu usitoboe kwenye mstari ulionyooka juu au chini ya swichi na soketi.

Hali ya nyundo kwenye drili nayo ina mahali pake. Kwenye tofali la bloku ukikandamiza sana, tundu linapanuka na plastiki ya skrubu inazunguka tu humo. Lenta ni habari nyingine: kokoto ngumu, na nondo ndani. Biti ikigota nondo, mashine nzima inageuka na kiganja chako. Kile kishikio cha pembeni ambacho wengi wanakiacha kwenye boksi kazi yake ndiyo hiyo. Kwenye vigae, mbao na chuma, zima nyundo kabisa.

Barakoa vaeni, jamani. Vumbi la zege lina silika, linakula mapafu taratibu.

Betri ikitoka moto, iache ipoe kivulini kabla ya kuichaji. Jua la Dodoma la saa nane halifai. Tena ichomoe kila unapobadili biti, maana kidole kikiteleza kwenye kitufe, mashine inazunguka mkononi.