Ndevu za Londres na fomu za nauli

Na Mjomba Shomari

Juzi nilialikwa kwenye semina ya uandishi wa habari za uchunguzi, katika hoteli yenye kiyoyozi cha kugandisha mbavu. 

Mwezeshaji alionyesha ukutani picha ya Mfaransa mwenye ndevu na kofia: Albert Londres, mzaliwa wa Vichy, 1884. Hata hajamaliza kulitamka jina, kijana aliyekaa mbele yangu, kitambulisho shingoni, akanyoosha mkono: “Samahani mwezeshaji, fomu za nauli tunasaini saa ngapi?” Ukumbi mzima ukachangamka. Picha ikapita, fomu zikaja.

Nilitamani kumvuta sikio. Mwaka 1923 huyo mwenye ndevu alipanda meli hadi Cayenne, kwenye magereza ya Ufaransa huko Guiana, akaongea na wafungwa wenyewe. Akakuta kwamba aliyefungwa miaka mitano, akimaliza, hulazimika kukaa huko huko mingine mitano. Aliyefungwa minane au zaidi, kwao haoni tena. Sheria hiyo haikuwa siri, ila hakuna aliyejihangaisha nayo. Londres aliianika gazetini, kisha akamwandikia waziri barua ya wazi. Mfungwa mmoja aliyekutana naye, Eugène Dieudonné, alipotorokea Brazil, Londres alimfuata huko na kumpigania mpaka akasamehewa.

Hakuishia hapo. Mwaka 1928 alikwenda Kongo ya Wafaransa, ambako reli ya kutoka Pointe-Noire hadi Brazzaville ilijengwa kwa nyundo na migongo ya watu, nao wakifa kwa maelfu. Alipoandika, wakubwa wa makoloni walimshukia kama mwewe.

Msiniambie kwetu kinachozuia uandishi kama huo ni simu, wala mishahara. Mishahara ni midogo, nakubali, na ilikuwa midogo tangu enzi za taipureta. Tatizo ni kuzoea habari iletwe imeshaandikwa, nembo juu, mhuri chini, mwandishi abaki na kazi ya kuweka jina lake. Wala rushwa hawakai kwenye ukumbi wa semina. Au tuseme wanakaa, ila meza kuu.

Londres alikufa Mei 1932, meli ya Georges Philippar ilipoungua Ghuba ya Aden, akirudi kutoka China na habari ambayo haikuwahi kuchapishwa. Tangu 1933 Wafaransa hutoa tuzo ya uandishi kwa jina lake. Kwetu pia tuzo zipo, tena nono. Ila mdhamini mara nyingi ndiye aliyestahili kuchunguzwa.