Eti Moshi ni Dalili ya Utajiri?

Katika mji wetu wa Butembo kuna neno moja linalosemwa siku hizi na watu wenye akili, wenye magari na wenye sauti barazani, nasi tumechoka kulisikia. Neno lenyewe ni hili: mji usiotoa moshi ni mji maskini.

Tulilisikia mara ya mwisho pale kyaghanda, ambapo wazazi wa shule moja ya mtaani walikutana kwa shauri la tanuru. Nyuma ya madarasa, hatua kama thelathini tu, mtu mmoja huchoma matofali. Hatumtaji jina, wala yeye si mbaya kuliko wengine. Tanuru lake likiwashwa huwaka siku kadhaa, mchana na usiku, kwa magogo ya mkaratusi. Upepo ukigeuka, mwalimu hufunga madirisha, na watoto hubaki gizani wakikohoa, maana wakifungua ni moshi na wakifunga ni joto. Wazazi waliomba tanuru lihamishwe. Ndipo alipoinuka mfanya biashara mmoja, mtu wa heshima, ambaye amekwenda Guangzhou mara nyingi kuliko sisi tulivyokwenda Beni, akasema, "Ninyi mwataka maendeleo bila moshi? Nendeni mkaone Uchina! Kule mbingu ni moshi mtupu, na tazameni walivyo matajiri." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na shauri la tanuru likaahirishwa.

Basi twataka kumjibu mzee huyo hapa, kwa kuwa pale hatukupata nafasi, na kwa kuwa wanaosema kama yeye ni wengi.

Kwanza twakubali lililo kweli. Wafanya biashara wa Butembo ni watu wa kusifiwa. Serikali ilipokuwa mbali, wao walivuka bahari wakaenda Dubai, Hong Kong na Guangzhou, hali wengi wao hawakusoma shule nyingi, wakarudi na vitenge, mabati na pikipiki. Hata katika miaka ya vita michango yao ilitengeneza barabara. Wala hatukatai kwamba Wachina wametajirika. Mamilioni ya watu kule wametoka katika njaa kuingia katika shibe kwa muda wa maisha ya mtu mmoja, na si haki kulidharau jambo hilo. Lakini mzee wetu, utusamehe: kule Uchina wewe ulitazama maduka, hukutazama vifua vya watu.

Jioni ya tarehe 12 Januari 2013, katika mji mkuu wa Beijing, hewa ilipimwa. Kuna vumbi jembamba sana la moshi, lisiloonekana kwa macho, ambalo hupita puani, hushuka mapafuni, na hata huingia damuni. Siku ile lilipita mikrogramu 800 katika kila mita ya ujazo wa hewa. Shirika la Afya la Dunia wakati ule lilishauri lisizidi 25 kwa wastani wa siku nzima. Mchana ulikuwa kama magharibi. Watu wa Beijing, ambao walikuwa na magari na nyumba za ghorofa, walijifunga vitambaa puani ili kwenda kununua mboga. Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, mwandishi wa habari mmoja, mama Chai Jing, alitoa filamu juu ya moshi huo, akieleza pia jinsi mtoto wake alivyopasuliwa uvimbe akiwa mchanga. Mamilioni ya watu waliitazama kwa siku chache, kisha ikaondolewa. Je, mtu huondoa filamu juu ya jambo analojivunia?

Tena Wachina wenyewe walikwisha kuliacha neno hilo ambalo mzee wetu bado analibeba kama mzigo wa duka. Mwezi wa Septemba 2013 serikali yao ilitoa mpango wa kusafisha hewa, na mwezi wa Machi 2014 waziri mkuu wao, Li Keqiang, akatangaza vita juu ya uchafuzi. Alisema vita, naye hakuwa padri wala mwalimu wa dini. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Shougang kilikuwa kimekwisha kutolewa Beijing. Mwaka 2017 mtambo mkubwa wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe katika mji huo ulifungwa. Mwisho wa mwaka ule ule, mji wa Shenzhen ulikuwa umebadilisha mabasi yake yote, zaidi ya elfu kumi na sita, yakawa ya umeme. Katika muda wa miaka kama saba hivi lile vumbi jembamba lilipungua katika nchi nzima kwa karibu sehemu mbili katika tano. Je, walirudi kuwa maskini? La hasha! Waliendelea kutajirika, nasi twaendelea kununua kwao.

Hatusemi kwamba walifanya yote kwa hekima. Katika jimbo la Hebei walikataza majiko ya makaa ya mawe kabla mabomba ya gesi hayajawa tayari, na katika baridi ya Desemba 2017 watoto wa shule fulani walisomea nje juani kwa kuwa darasani mlikuwa na baridi kuliko nje. Tena viwanda vingine vilihamishwa tu, moshi ukawaendea watu wa mikoa isiyo na sauti. Hata leo Uchina huchoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yote ya dunia. Lakini hakuna mkubwa wa kule anayesimama leo mbele ya wazazi na kuwaambia kwamba kikohozi cha watoto wao ni dalili ya neema.

Na hili hatuwezi kulipita. Pikipiki zinazotujaza moshi toka soko kuu mpaka milimani nyingi zimetengenezwa Uchina. Naam, katika Guangzhou hiyo hiyo, ambako wafanya biashara wetu huenda kuagiza mali, pikipiki zimekatazwa kutembea mjini tangu tarehe 1 Januari 2007, kwa ajili ya wizi, ajali na moshi. Mzee wetu amelala katika mji usio na pikipiki, akaamka, akaagiza pikipiki, akarudi kutuambia kwamba moshi wake ndio maendeleo! Hatuwalaumu motari; wanatafuta unga wa watoto wao. Twamlaumu yule aliyeona mambo mawili akatusimulia moja.

Waingereza nao walipita njia hiyo zamani. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulikaa juu ya London siku tano, na watu elfu nne hivi walihesabiwa kuwa wamekufa; hesabu za baadaye zafika hata elfu kumi na mbili. Mwaka 1956 bunge lao likatoa sheria ya hewa safi. Nao walikuwa matajiri kwanza, ndipo wakazika. Utajiri haukuzuia jeneza hata moja.

Lakini kwa nini twende mbali? Katika nchi yetu wenyewe kuna mji uliolelewa kwa moshi, nao ni Lubumbashi. Tanuru la shaba la Union Minière liliwashwa mwaka 1911, na dohani yake kubwa ikawa fahari ya mji, hata watu walizoea kuutazama moshi wake kama dalili ya uhai. Moshi ukitoka, kuna kazi. Moshi ukikatika, kuna njaa. Na ni kweli kwamba walipata kazi, na shule, na hospitali, kwa muda. Lakini shaba ilipanda gari la moshi ikaenda Ulaya, na kilichobaki ni kile kilima cheusi cha takataka za tanuru, pamoja na vilima vya upande ule ambako upepo huelekea, vilivyokuwa na msitu na sasa ni vipara. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven katika Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na matanuru ya Katanga. Walikuta kobalti nyingi kuliko iliyopata kuandikwa popote kwa watu wa kawaida, na watoto walikuwa nayo kuliko wazazi wao. Basi dohani ile imepoa, kampuni imebadili jina, lakini kobalti imo mkojoni mwa mtoto.

Sasa turudi Butembo, mzee wetu. Wewe wasema moshi ni alama ya viwanda. Haya, tuonyeshe viwanda! Moshi tunao tele. Kila asubuhi twauona umelala bondeni kama blanketi chafu. Watoka wapi? Watoka katika mashine za umeme za mazutu zilizo mbele ya kila duka, bomba limeelekezwa kwenye dirisha la jirani. Watoka katika matanuru ya matofali. Wakati wa kiangazi huongezwa vumbi jekundu la barabara, ambalo hukaa juu ya sombe sokoni na juu ya nguo za misa. Tena sehemu iliyo kubwa watoka jikoni mwetu. Ukiwa moshi ni utajiri, basi mama zetu wangekuwa mabilionea.

Sisi tulizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, huku Lubero, juu kwenye baridi, ambako moto wa kuni hukaa ndani ya nyumba usiku kucha. Tulijua kwamba mama yu karibu kwa kikohozi chake kabla ya kusikia miguu yake. Macho yake yalikuwa mekundu daima, nasi watoto tulidhani macho ya wamama wote huumbwa mekundu. Alikufa hajafika umri wa bibi, na hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani, walisema kifua. Shirika la Afya la Dunia lahesabu kwamba moshi wa jikoni uliua watu kama milioni 3.2 katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto zaidi ya laki mbili walio chini ya miaka mitano. Papa Fransisko naye, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliutaja moshi huo wa kupikia kati ya mambo yanayoua maskini. Kumbe si jambo la kuchekwa kyaghanda.

Twajua wengine watasema, "Mwalimu, tangu mwaka 2014 watu wa Beni wanachinjwa kwa mapanga, na mwaka 2024 watu wa Kanyabayonga walikimbia risasi, nawe watuletea habari za moshi?" Neno hilo latuuma, kwa maana tumezika nasi. Lakini wakimbizi hao wamefikia wapi? Wamefikia kwetu Butembo, familia mbili tatu katika chumba kimoja, na humo humo wanapika, kwa kuwa nje mvua yanyesha na mwenye nyumba hana ukumbi. Mtoto aliyeokoka panga mwezi wa tatu akafa kwa kifua mwezi wa sita, je, mama yake atasema huyu hakuuawa na vita? Tena kwa risasi hatuna la kufanya sisi raia ila kukimbia na kusali. Kwa bomba la mashine na kwa tanuru tunalo la kufanya kesho asubuhi.

Nchi yetu hii ya milima imejaa maji yanayoanguka. Kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mtambo wa umeme wa maji ulianza kazi mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni kikajengwa karibu nao, kikinunua mawese ya wakulima. Kiwanda hicho ni maendeleo kabisa. Hata Butembo mitaa mingine imekwisha kuona umeme wa maji, ingawa bei yake yawashinda wengi. Wafanya biashara wetu walioweza kuleta makontena toka Uchina mpaka Mombasa, na toka Mombasa kupitia Kasindi mpaka hapa, hawashindwi kuleta mitambo midogo ya maji na pikipiki za umeme, maana zauzwa pale pale wanapolala. Wakiagiza, sisi tutakuwa wa kwanza kuwasifu katika ukurasa huu.

Nao wanaodhani kwamba wanyonge hawasikilizwi, wasikie habari za Owino Uhuru, mtaa wa maskini kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwao, na moshi wake wenye risasi ukaanguka juu ya mabati na katika maji ya kunywa. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa ameugua, aliwakusanya watu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa watu wa mtaa shilingi za Kenya bilioni 1.3, mahakama nyingine ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama Kuu kuliko zote ikairudisha. Ni miaka mingi, na wengine walikufa wakingoja.

Sisi hatuombi bilioni. Tulipotoka kyaghanda siku ile, mama mmoja muuza ndizi alitwambia kwamba mwenye tanuru analo shamba lingine ng'ambo ya mto, tena udongo wake ni mzuri zaidi, ila kubeba matofali mpaka barabarani kutamgharimu. Basi wazazi wamehesabu: kila nyumba ikitoa kijana mmoja siku moja, njia ya gari itachimbwa kwa majuma mawili. Jumatatu watakwenda kwa shefu wa kartie na hesabu hiyo mkononi, nasi tutafuatana nao. Mzee wa Guangzhou naye tumemwalika, ana lori.