MMEMCHEKA WA BAJAJI, MHESHIMIWA NDO KACHEKELEA!

Gumzo la kampeni za 2025 lilikuwa jamaa mmoja aliyegombea ubunge kwenye jimbo fulani hapa Dar, kwa tiketi ya chama ambacho nusu ya wapiga kura hawajui hata bendera yake ina rangi gani. Kampeni kafanyia juu ya bajaji, spika moja, na katikati ya hotuba betri ikaisha. Klipu imesambaa, watu wamecheka mpaka basi.

Sawa, inachekesha. Ila nani alisikiliza alichokuwa anauliza kabla spika haijazima? Aliuliza hela za Mfuko wa Jimbo zimefanya nini. Mfuko huo upo kisheria tangu 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Yaani mwenye jibu anajulikana.

Na mwenye jibu jioni ile ile alikuwa uwanja wa pili na wasanii wa singeli, mataa kibao, tisheti zinarushwa. Kaongea kidogo, kacheza kidogo, kasepa. Vijana wa mtaani walipomuomba mdahalo, watu wake wakajibu mheshimiwa hana mpinzani.

Hapo hawajadanganya. Chadema ilizuiwa kushiriki baada ya kugoma kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, Aprili 2025, kwa hiyo kwenye majimbo kibao aliyebaki alikuwa mtu wa chama kidogo. 2020 ndo kabisa, wagombea 28 wa CCM walipita bila kupingwa. Na tusidanganyane, vingine vya hivi vyama vidogo ni vya msimu, vinafufuka kila baada ya miaka mitano. Huyu wa bajaji naye huenda hana mpango wowote zaidi ya hayo maswali. Hata kama! Mheshimiwa akiona mtaa mzima unamcheka anayeuliza, atahangaika kujibu ili iweje? Ataongeza msanii mwingine tu.

Halafu wengi mliojaza vikatuni vya kucheka ndo nyie nyie mvua ikinyesha mnaposti picha mnavuka maji viatu mkononi, mnamtag mheshimiwa, hajibu.

Oktoba 29, 2025 imeshapita. Swali la jamaa lipo mwanzoni kabisa mwa ile klipu. Irudieni, safari hii na sauti.