Ifutwe Kesi, Asifutwe Mdai

Mtu akiishitaki serikali mara ya pili au ya tatu, watu humcheka. Husema huyo kazi yake ni kushinda mahakamani akitafuta fidia ya bure. Mimi napinga dharau hiyo.

Ni kweli kwamba kesi iliyokwisha amuliwa haifai kufufuliwa. Hapa kwetu Uganda, kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinaikataza mahakama kusikiliza upya jambo lililokwisha kuamuliwa kati ya watu wale wale. Sheria hiyo ni nzuri. Fidia hulipwa kwa kodi zetu, na siku anayopewa mtu wa kurudia madai ya zamani ni siku aliyonyang'anywa mjane anayengojea kesi ya shamba lake.

Lakini jirani zetu Kenya wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mashauri ya usumbufu, Sura ya 41, inairuhusu Mahakama Kuu kumzuia mtu asifungue kesi tena mpaka apewe ruhusa. Anayeomba amri hiyo ni nani? Ni Mwanasheria Mkuu, yule yule anayeitetea serikali inaposhitakiwa! Sheria ya namna hii ilitungwa Uingereza mwaka 1896, nasi bado tunaibeba.

Tena tujiulize, nani anamfanya mtu arudi mahakamani? Kenya na Uganda, aliyeishinda serikali hawezi kumtuma dalali akamate gari la wizara, kama angefanya kwa mfanyabiashara. Hungoja tu. Akichoka kungoja hurudi kwa hakimu, nasi tunamwita msumbufu. Dawa ya deni ni kulipa, si kumfungia mlango anayedai.

Kwa hiyo nasema, hakimu aisome hati iliyo mbele yake. Ikiwa ni madai ya zamani, aifute mapema na aeleze sababu kwa maandishi. Ikiwa ni kosa jipya, alisikilize, hata kama mdai amekwisha kuja mara kumi. Kifungu cha 28 cha Katiba yetu ya mwaka 1995 kinampa kila mtu haki ya kusikilizwa bila upendeleo. Hakikusema haki hiyo inakwisha mara ya ngapi.