Muswada wa Muziki Haupigwi Picha Kienyeji

Kulaza muswada wa muziki mezani, chini ya taa ya dari, na kuupiga picha kwa simu ni kuuharibia jina uhifadhi. Taasisi inayofanya hivyo kisha ikatangaza kwamba imehifadhi urithi inawadhulumu wanamuziki watakaokuja.

Sababu iko kwenye nota zenyewe. Nukta ikikaa kulia kwa nota, huiongezea nusu ya urefu wake. Ikikaa juu, humtaka mpigaji aikatize. Tundu la mdudu na tone la wino navyo huonekana kama nukta. Neno lililofifia msomaji hulikisia kutokana na sentensi, lakini nota iliyomezwa na kivuli mara nyingi haina cha kuisaidia.

Ndiyo maana kazi hii ina utaratibu wake. Kitabu huwekwa kwenye kishikizo kinachokizuia kufunguka kupita kiasi, mgongo usije ukavunjika. Kamera hutazamana na ukurasa bila kuinama, na taa zisizo na joto humulika kutoka pande mbili. Kando ya ukurasa huwekwa rula na kipimo cha rangi, ili atakayeitazama picha baada ya miaka 50 ajue ukubwa wa karatasi na rangi ya wino. Faili kuu haibanwi. Maandishi yaliyofifia hutafutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kwa uangalifu wa namna hii mradi wa DIAMM, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1998, umepiga picha miziki ya enzi za kati, zikiwamo kurasa za ngozi zilizokatwa ili kujalidia vitabu vingine.

Wanaolalamikia gharama watazame muswada wa Misa ya B minor ya Johann Sebastian Bach, aliyoikamilisha mwaka 1749. Unatunzwa Berlin, na mwaka 2015 UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Bach aliandika pande zote mbili za karatasi kwa wino wenye chuma na asidi. Wino huo umeitafuna karatasi, hasa kwenye vichwa vya nota ulikokolea zaidi, ukaacha matundu. Mwaka 1924 muswada huo ulichapwa kwa picha mjini Leipzig. Wahariri wa leo wanarejea kwenye picha hizo pale ambapo karatasi yenyewe haisomeki tena. Waliopiga picha zile hawakujua kwamba wanaokoa nota. Waliifanya kazi yao vizuri, basi.

Wino hausubiri bajeti. Maktaba, parokia na walimu wa kwaya wenye nota za zamani zilizoandikwa kwa mkono watafute mpigapicha anayeijua kazi hii, wampe vifaa na muda wa kutosha, na wafanye hivyo karatasi zikiwa bado zinasomeka.