Tanuri la matofali bado halijapata mpinzani vijijini

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Jina lake linaonyesha unakoishia: jikoni. Tanuri la matofali, linalomeza magogo usiku na mchana mpaka tofali liive, halimo katika hesabu hiyo.

Mbadala wake si mgeni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) ulihimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo wa hapo hapo, saruji kidogo, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, na mashine ya kushindilia kwa mkono. Asili ya mashine hizo ni CINVA-Ram, iliyobuniwa Colombia miaka ya 1950. Tofali halichomwi, bali hukaa kivulini likimwagiliwa maji.

Kwa nini basi matanuri bado yanafuka moshi? Jibu liko mfukoni. Mchoma matofali huanza na jembe, kalibu ya mbao na maji ya mtoni. Kazi huifanya kiangazi, shamba likiwa limepumzika, na kuni alizokata mwenyewe haziandiki popote kama gharama. Tofali la kufungamana linadai fedha kwanza, ya mashine na ya saruji. Kwa mkulima mmoja huo ni mzigo, ila kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kununua mashine na kuikodisha kwa siku.

Hata hivyo, anayeingia kwa pupa ataumia. Udongo wa mfinyanzi mwingi, hasa ule mweusi wa mbuga, hupasuka ukikauka, na mchanga mtupu humeguka. Udongo wa juu wenye mboji haufai kabisa, na ni hasara kuuondoa shambani. Kipimo rahisi ni kisanduku cha sentimeta 60 kwa 4 kwa 4: jaza udongo uliolowa, ukauke, kisha pima umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana, ongeza mchanga. Baada ya hapo kazi kubwa ni maji, kwani tofali linaloachwa juani siku ya kwanza ndilo linaloipa biashara hii sifa mbaya.

Wateja nao hulinganisha bei ya tofali kwa tofali, na hapo la kuchoma hushinda kirahisi. Hesabu ya haki ni ya mita moja ya mraba ya ukuta, ikijumlisha saruji na mchanga wa kuungia, ambavyo tofali la kufungamana karibu halivihitaji, lipu ambayo wengi huiacha, na siku za fundi. Ni wauzaji wachache wanaompigia mteja hesabu hiyo.